Kokwa Thelathini na Moja

Siku ya sita ya Ramadhani, saa kumi na moja za jioni, Sumaya binti Massoudi aliangukia mbabula ya makaa ya shangazi yake, na shangazi yake akasimama akimtazama akiungua.

Hivyo ndivyo Sijaona alivyolisimulia jambo hilo tangu siku ile, kwa maneno hayohayo, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtu anayesoma aya aliyoihifadhi. Na alikuwa na haki ya kusimulia, kwa kuwa aliona. Alikuwa anarudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Alipofika kwenye mlango wa rupango, ua lile la Carama ambamo nyumba tatu zinatazamana, alimwona wifi yake Khadidja ameegemea ukuta, upawa wa kuopolea bitumbura, maandazi yake ya kuuza, mkononi, mdomo wazi. Karai la mafuta lilikuwa limeepuliwa, Mungu ashukuriwe, lakini makaa yalikuwa mekundu. Sumaya alikuwa amelala ubavu, mwili mzima unatikisika, povu mdomoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya makaa.

Ndoo ilianguka. Sijaona alimvuta mwanawe kwa miguu, akamwagia mkono maji yaliyobaki chini ya ndoo, akamfunika kwa kanga. Alipoinua uso, Khadidja alikuwa bado palepale ukutani.

"Wifi," Sijaona alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Povu," Khadidja alijibu. "Lilikuwa linatoka povu, wifi. Mi niko peke yangu. Mi nikianguka, nani atanishika?"

Watu wa Bujumbura hawapatani katika mengi, lakini katika hili wa msikitini na wa kanisani wanapatana: mwenye kifafa akianguka usimguse mpaka povu likauke, kwa kuwa mate yake yakikupata, ugonjwa unahama unakuja kwako. Na akiangukia moto, basi. Moto unaufunga ugonjwa ndani, hautoki tena mpaka kaburini. Sijaona aliyajua hayo tangu utoto, kama alivyojua jina lake. Kwa hiyo alipoutazama mkono ule, hakuona mkono tu. Aliona mlango umefungwa na ufunguo umetupwa ziwani.

Massoudi, mumewe, hakuwapo. Alikuwa fundi wa magari, na tangu jana yake alikuwa kwenye foleni ya mafuta na gari la mteja, akilala ndani yake ili asipoteze nafasi. Hakuna gari lililokuwa likitembea Carama siku hiyo. Sijaona alimbeba mtoto mpaka barabarani, akapanda nyuma ya baiskeli ya abiria, na adhana ya magharibi iliwakuta njiani. Mwenye baiskeli alimpa chupa yake ya maji afungulie. Sijaona alilowesha midomo ya mtoto kwanza.

*

Muuguzi wa zamu kwenye kituo cha afya aliitwa Gélase, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliusafisha mkono wa Sumaya taratibu, akiongea na mtoto kuhusu mbuzi na paka, na alipomaliza kuufunga bandeji alimgeukia mama.

"Dawa aliacha lini?"

"Hajaacha. Anafunga tu. Shangazi yake ndiye aliyemwambia afunge, akimaliza mwezi Mungu atamponya."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na kidonge cha asubuhi?"

"Tulikihamisha daku."

"Anakunywa kila daku?"

Sijaona alitazama vidole vyake. "Kuna siku usingizi unamzidi."

Gélase alivua miwani. "Mama, dawa hii mtu haikatizi. Ukiikata ghafla, ugonjwa unarudi na hasira zake. Mtoto mgonjwa hana saumu, hilo hata maalim wenu atakuambia." Kisha akauliza: "Mkono ulikaa muda gani katika moto?"

"Kama hesabu ya kumi. Aliyekuwapo aliogopa kumgusa."

"Aliogopa mate."

"Ndiyo."

Muuguzi alikaa juu ya kitanda, akaonekana mzee. "Nimechoka na hayo mate. Kuna mtoto mmoja aliletwa hapa kutoka Buterere, alianguka katika maji ya mpunga, maji ya kufika hapa tu kwenye goti. Watu wanne wakasimama wakiangalia. Sikiliza, mama. Mi nawashika watoto hawa miaka kumi na saba. Povu ni mate, kama yangu na yako, hayana kitu ndani. Mutu hawezi kuambukizwa kifafa. Akianguka, mwondoe penye hatari, mlaze ubavu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, usimtie kitu kinywani, ngoja. Ikipita dakika tano, mlete. Na moto haufungi ugonjwa. Akinywa dawa yake sawasawa, anaweza kukaa miaka bila kuanguka. Nenda ukawaambie wa nyumbani. Wote."

"Nitawaambia," Sijaona alisema, na wakati ule alikuwa na nia hiyo, Mungu ni shahidi.

Lakini njia ya kurudi ni ndefu, na baiskeli huenda polepole. Mwanzo Sijaona alilia kwa furaha, kwa kuwa mlango haukufungwa. Kisha fikra ya pili ikafuata, nayo haikuwa na machozi. Kama povu halina kitu, basi mtoto wake ameunguzwa na kitu ambacho hakipo. Kama ugonjwa ungekuwa unahama kweli, Khadidja angekuwa mwoga mwenye sababu. Sasa hana hata sababu. Kadiri alivyougeuza ukweli wa Gélase moyoni, ndivyo ulivyozidi kuwa wa moto, na walipofika Carama alikuwa ameushika kama mtu anavyoshika kaa kwa kitambaa: hakutaka kuutoa kwa yeyote.

Kulikuwa na fikra ya tatu pia, nayo ilihusu nani aliyekipandisha kile kiboksi cha dawa juu ya kabati siku ya kwanza ya mwezi, na nani aliyewaambia majirani kwa fahari kwamba binti yake anafunga kama watoto wengine. Hiyo Sijaona aliikalia.

*

Asubuhi ya siku ya nane alikwenda kwa Maalim Anouar, aliyemfundisha Massoudi Kurani tangu mdogo. Alimkuta barazani anashona mkanda wa kiatu.

"Nataka usome Albadiri," alisema baada ya salamu.

Maalim aliweka sindano chini. Kisomo hicho husomwa juu ya mwizi au dhalimu asiyekiri, na watu wanasema hakirudi mikono mitupu. "Juu ya nani?"

"Juu ya aliyesimama mwanangu akiungua."

"Huyo si unamjua? Albadiri ni ya mtu asiyejulikana."

"Namjua. Nataka na yeye ajue."

"Binti yangu," Maalim alisema, "kisomo hiki hakiulizi nani kakilipia. Kinamtafuta kila mwenye mkono katika jambo. Uko tayari kinapoanza kutafuta ndani ya nyumba yako?"

Sijaona alikumbuka kabati.

"Mi siwashi moto nisiojua utaishia paa la nani. Lakini haki yako unayo. Jioni nitakuja, tukae, useme unachotaka mbele ya mumeo na wifi yako. Kama ni jambo la halali, nitamwambia alitimize."

Siku hiyo nzima Sijaona alifikiri atakachotaka. Alipita jikoni mara tano, na kila mara macho yake yaliangukia bakuli la plastiki la bluu. Bakuli hilo lilikuwa la Sumaya. Miaka minne, tangu kuanguka kwa mara ya kwanza, watu wa nyumba ile walikula sinia moja, mkono kwa mkono kama walivyolelewa, na Sumaya alikula peke yake mlangoni, katika bakuli la bluu, lenye sifongo yake ya kuoshea. Khadidja ndiye aliyelinunua. "Kwa usalama wa wote," alisema wakati ule. Na Sijaona alikubali, akasema hata asante.

Alilichukua bakuli, akalivunja kwa mchi.

*

Walikaa baada ya futari, juu ya mkeka: Maalim Anouar, Massoudi aliyekuwa bado ananuka petroli, Khadidja aliyejifunika mpaka mdomoni, na Sijaona. Sumaya alikuwa amelala chumbani, mkono umewekwa juu ya mto.

"Mi naomba radhi," Khadidja alianza. "Nimemwambia kaka, namwambia na wifi. Miguu ilikufa. Nilimwona mutoto, nikataka kwenda, miguu ikakataa. Nitauza karai, nitauza mbabula, dawa zote mi nitalipa."

"Sitaki pesa," Sijaona alisema.

"Basi sema, mama Sumaya," Massoudi alisema kwa upole. "Sema tumalize. Ni dada yangu, na yule ni binti yangu. Mi niko katikati kama nyama ya sambusa."

Hakuna aliyecheka. Sijaona alikuwa ameyapanga maneno yake tangu mchana.

"Mkono wa Sumaya wa kulia umeungua. Wa kushoto hauli. Ni lazima alishwe. Nataka wifi amlishe, kila jioni, mpaka mkono upone. Sinia moja, wao wawili. Tonge moja kwa Sumaya, tonge moja kwake, kwa vidole vilevile, bila kunawa katikati. Uji, kijiko kimoja: kikitoka kinywani kwa Sumaya, kinaingia kinywani kwake. Nyumba nzima tunaona. Basi. Nikiona hivyo, nitasamehe."

Kanga ilianguka kutoka usoni kwa Khadidja. Alikuwa na miaka hamsini, mjane wa miaka kumi na mmoja, mwanamke ambaye bitumbura zake ziliulizwa mpaka upande wa Kinama, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Unataka nife."

"Nataka ule."

"Mama Sumaya," Massoudi alisema, "hii si kupatana. Hii ni kumnyonga mutu."

"Kwa wali? Mwanangu nusura afe kwa makaa."

Maalim alikuna ndevu. Naye pia, mtu wa vitabu, alikuwa na hofu ileile ya mate, lakini hakuona namna ya kuharamisha jambo ambalo Mtume mwenyewe alilifundisha, watu kula pamoja. "Ni halali," alisema hatimaye, na hakumtazama Khadidja.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Sijaona angeweza kufungua mdomo na kusema: muuguzi kaniambia mate hayana kitu, kula bila hofu. Maneno yalikuwapo nyuma ya meno. Akayameza pamoja na chai.

*

Jioni ya kwanza Khadidja alitapika nyuma ya choo. Sijaona alimngoja arudi, akamsogezea sinia. "Bado nusu."

Jioni ya pili alitoka na ndimu, akaipaka vidoleni kwa siri. Sijaona aliinyang'anya ndimu, akaikamulia kwenye mchuzi wa samaki. "Ahsante kwa kuleta."

Sumaya ndiye pekee aliyefurahi. Tangu awe na miaka mitano hakuwahi kula na mtu. Alikaa ameegemea goti la shangazi yake kama kifaranga, akifungua mdomo, akieleza habari za shule. "Shangazi, tonge zako kubwa kuliko za mama. Shangazi, mbona hutafuni?"

"Natafuna, mwanangu."

"Unameza kama dawa."

Huguette, mpangaji wa nyumba ya tatu, Mkongo wa kutoka Uvira mwenye watoto wawili, alikuwa akitazama kutoka mlangoni kwake akichambua mchicha. "Mama Sumaya," alisema siku moja, "we uko mutu wa hatari. Mi nikikukosea, uniambie mapema, nihame."

"Wewe hujanikosea."

"Bado," alisema Huguette, akawaingiza wanawe ndani.

Siku ya kumi na nne ya mwezi, katikati ya uji, macho ya Sumaya yalipinduka. Kijiko kilikuwa kimetoka kinywani kwake, kiko hewani. Mwili ulikakamaa, kisha ukaanza kutikisika, na kichwa chake kilikuwa mapajani kwa Khadidja. Povu lilimwagika juu ya mkono wa Khadidja, likapita katikati ya vidole, likashuka mpaka kwenye pete yake ya ndoa.

Sijaona alikuwa hatua tatu kutoka pale. Aliona kwamba mtoto yuko pa salama, amelalia ubavu, juu ya nguo laini, mbali na moto. Kila alichosema Gélase kilikuwa kimetimia bila mtu kupanga. Kwa hiyo hakukimbia. Alisimama. Moja, alihesabu moyoni. Mbili. Khadidja alimtazama, macho yakimwomba, mikono imeinuliwa juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Sita. Saba. Sijaona alihesabu mpaka kumi, polepole, ndipo alipokwenda kumchukua mwanawe.

"Sasa unajua," alimwambia wifi yake, "kumi ni ndefu kiasi gani."

*

Kesho yake Khadidja hakuwasha mbabula. Wateja walikuja saa kumi, wakakuta mlango umefungwa. Aliwaambia kwa dirisha kwamba anaumwa. Kesho kutwa vivyo hivyo. Wazee wa zamani walikuwa wakisema ugonjwa ule ukihama hujionyesha ndani ya siku arobaini, na Khadidja aliziogopa siku hizo moja moja. Akianguka mafuta yakiwa yamechemka? Alilipa karai kisogo. Alikisimamisha kitanda chake ukutani, akalala juu ya mkeka chini, ili akianguka asiangukie mbali. Aliacha kubeba ndoo. Aliacha kwenda msikitini, asije akaangukia wanawake wenzake safuni. Na kila jioni, baada ya kumlisha mtoto, alichukua kokwa moja ya tende aliyofungulia, akaipanga juu ya dirisha lake. Mwezi ulipokwisha ziliendelea kupangwa. Massoudi alimnunulia tende, hakuuliza za nini.

Sijaona aliona yote. Kila alichokiogopa Khadidja, yeye alikuwa amekiogopa kwa mwanawe miaka minne: moto, maji, ngazi, barabara, kitanda. Acha aonje, alisema moyoni. Aliziona kokwa dirishani zikiongezeka na akazihesabu, kama mtu anavyohesabu nyota kwa raha yake. Baada ya isha alikaa kwenye msala akimwomba Mungu ampe mtoto wake afya, na alipofika mahali pa kuwaombea msamaha waliomkosea aliparuka, kama mtu anavyoruka dimbwi ili asichafue viatu.

Kila wiki alimpeleka Sumaya kufunguliwa bandeji. Mkono ulikuwa unapona vizuri, vidole vinakunjika. Vidonge vilikuwa vimerudi asubuhi, na Gélase aliviandikia saa.

"Umewaambia wa nyumbani?" aliuliza.

"Nimewaambia."

Alikuwa na saumu siku hiyo. Alirudi nyumbani, akaona ulimi wake mkavu kuliko siku nyingine.

Idi ilipita. Khadidja hakushona nguo mpya. Alikuja kwenye sinia kama mfungwa aliyeitwa jina lake, akala, akalisha, akaondoka. Lakini jambo moja lilikuwa limebadilika na Sijaona hakulipenda: Khadidja hakupaka tena ndimu, hakutapika, na alikuwa akimfuta Sumaya mdomo kwa kidole chake mwenyewe. Aliyekwisha kulowa haogopi mvua.

*

Wiki ya pili baada ya Idi mvua kubwa ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mtaro wa mbele ya rupango ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai. Sijaona alikwenda dukani kununua chumvi. Alikuwa kwenye kona, anarudi, alipoona watu wamekusanyika kando ya mtaro. Walikuwa wamefanya nusu duara, pana, kama watu wanaotazama nyoka. Miguu yake ilijua kabla ya kichwa.

Alikimbia. Alisikia sauti ya Huguette: "Rudini nyuma, nyie watoto, yasiwarukie." Alimwona Mirindi, mwashi wa jirani, mtu mwenye mabega kama mlango, anakivuta kitambaa cha gauni kwa ncha ya fimbo. Gauni lilikuwa la njano. Uso wa Sumaya ulikuwa ndani ya maji.

Sijaona alitaka kupiga kelele kwamba hayana kitu, mshikeni, hayana kitu, lakini pumzi yote ilikuwa miguuni. Na kulikuwa bado na urefu wa nyumba nne.

Ndipo mlango wa Khadidja ulipofunguka. Alitoka bila kanga ya kichwa, akawapenya watu, akampokonya Mirindi fimbo, akaitupa.

"Pisheni," alisema. "Mi tayari ninao. Hautanizidishia kitu."

Akaingia mtaroni mpaka magotini. Alimgeuza mtoto uso juu, akamkumbatia kifuani, akapanda naye ukingoni, akamlaza ubavu juu ya mapaja yake mwenyewe, akamsafisha tope puani kwa vidole. Maji yalitoka kinywani kwa Sumaya, na povu, na baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu, kikohozi. Kisha kilio. Khadidja alikuwa akimpigapiga mgongoni, akimwambia, "Lia, mama. Lia sana. Shangazi yuko."

Sijaona alifika akapiga magoti topeni. Alimshika mwanawe usoni, mikononi, miguuni, akarudia. Alipoinua macho, watu walikuwa bado wako mbali, na Khadidja alikuwa akimtazama bila hasira, macho ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na kupumzika.

Angeweza kuyameza maneno yale tena. Lakini alitazama lile duara, akaona kwamba yeye ndiye aliyelipima upana wake.

"Hauambukizi," alisema.

"Unasema nini?" Huguette aliuliza.

"Ugonjwa huu hauambukizi. Mate hayana kitu. Muuguzi aliniambia. Mkiona ameanguka mumshike tu, mumlaze ubavu, kama alivyofanya wifi. Hakuna atakayeupata."

Mirindi aliitazama fimbo yake pale ilipoangukia. Huguette aliwaachia wanawe mikono. "Kumbe tulikuwa tunaangalia mutoto anakufa juu ya mate tu," alisema polepole. "Na we, mama Sumaya, ulikuwa unangoja nini kutuambia?"

Khadidja alikuwa hajatikisika.

"Alikuambia lini?" aliuliza.

"Wifi, tumpeleke mtoto ndani, amelowa."

"Lini, Sijaona?" Miaka kumi na minne ya uwifi, hakuwahi kumwita kwa jina tupu.

"Siku ya moto."

*

Gélase alimpima Sumaya, akasema kifua ni safi, akamwongezea dawa kidogo. Hakuuliza chochote juu ya watu wa nyumbani, na Sijaona aliona afadhali angeuliza.

Alipomlaza mtoto, alivuka ua mpaka kwa Khadidja. Jua lilikuwa bado juu. Alimkuta amekaa juu ya mkeka wake wa chini, nguo kavu, nywele mbichi, na kitanda kimesimamishwa ukutani kama jeneza. Sijaona hakukaribishwa, akabaki mlangoni. Kama alivyozoea kukaa Sumaya na bakuli lake.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Mi niliomba yangu siku ya pili," Khadidja alisema. "We umekuja lini?"

Sijaona alikitazama kitanda kile.

"Nilizima jiko langu, ukaniona. Nilihama kitandani, ukaniona, hata uliuliza kama nina kunguni. Idi nilikaa humu ndani peke yangu kama mwenye hedhi. Nimekuwa nikiamka usiku najishika ulimi nione kama nimeuuma. Mi nilisimama hesabu ya kumi, wifi. Nilikosa, na Mungu ataniuliza. Lakini mi nilikuwa sijui."

Aliinuka, akaenda dirishani, akazikusanya kokwa zote katika kiganja. Akazihesabu kwa sauti, bila haraka, na Sijaona alisimama akizisikiliza mpaka ya mwisho.

"Thelathini na moja. We umesimama siku thelathini na moja, mutu anaungua mbele yako, na maji unayo mkononi."

Akavuka chumba, akaufungua mkono wa Sijaona, akazimimina humo. Zilikuwa kavu, nyepesi, zenye ncha.

"Sema unachotaka," Sijaona alisema. "Chochote. Mbele ya Maalim, mbele ya Massoudi. Nitafanya."

"Najua utafanya." Khadidja alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya sita kitu kama rangi kilirudi midomoni mwake. "Wazee walisema arobaini. Zimebaki tisa. Zihesabu we sasa. Zikitimia, nitakuja nikuambie ninachokitaka. Kabla ya hapo usiniulize."

"Siku tisa, wifi?"

"We uliona nyingi?"

Sijaona alirudi kwake. Alikosa mahali pa kuziweka kokwa zile. Kabatini alikuta kiboksi cha dawa, mezani alikuta daftari la Sumaya, na mwishowe akazipanga juu ya dirisha lake mwenyewe, ambako nyumba nzima ingeziona. Nje alisikia makaa yakimwagwa, kisha kipepeo kikipepea. Khadidja alikuwa anawasha mbabula. Harufu ya mafuta ilipanda, na sauti ya Sumaya, bado ya kikohozi, ikauliza kutoka chumbani kama anaweza kwenda kukaa na shangazi.

"Nenda," Sijaona alisema. "Lakini mbali na moto."

"Shangazi yuko pale," Sumaya alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu, akatoka.

Jioni waliletewa sinia ya bitumbura za moto, na Khadidja akakaa upande wa Sumaya, akala naye kama kawaida, tonge kwa tonge, ingawa vidole vya mtoto vilikuwa vimekwisha kupona na hakuna aliyemlazimisha. Alizungumza na kaka yake juu ya foleni ya mafuta, akacheka hata mara mbili. Hakumtazama Sijaona. Sijaona alichukua tende moja, akaila, akaibakiza kokwa katika kiganja kilichofumbwa, akitafuta katika uso wa wifi yake dalili ya kile kitakachokuja, na asiione.